Maneno ya Mama Leokadia kwa Halszka

Mume wangu Bogumił aliionea uchungu baiti moja ya data kuliko alivyonionea mimi. Kazi yake hapa Kraków ilikuwa kubana data isijaze kompyuta: alama inayojirudia sana ipewe nafasi ndogo, ya nadra ipewe kubwa, na yote yafanyike upesi, bila kupotea hata chembe. Miaka kumi na moja alifukuzana na kasi hiyo.

Mama yake, Leokadia, alipokaribia kufa, Bogumił alimrekodi siku nne akiongea. Mama alikuwa amekosana na binti yake, wifi yangu Halszka, aliyekuwa akifanya kazi Gdańsk. Akatuambia, "Ya Halszka nimeyasema humo. Ayasikie mwenyewe."

Bogumił akazibana rekodi kwa programu aliyoitunga mwenyewe. Akajaribu kuzifungua, zikarudi vilevile, akafuta za awali. Jedwali linaloonyesha kila alama imepewa nafasi gani, ambalo bila hilo faili haifunguki, hakulitia ndani ya faili. Aliliacha kwenye programu.

"Baiti mia tano za bure, Jagna, za nini?" aliniambia huku anacheka.

Baada ya mazishi aliendelea kuiongezea programu kasi. Kila jedwali jipya lilipokuja, la zamani alilifuta.

Mkesha wa Krismasi tuliweka mezani sahani ya ziada ya mgeni asiyetarajiwa, kama kila mwaka. Halszka alikuja kutoka Gdańsk, lakini hakugusa hata supu.

"Kaka, nimejikaza miezi minane. Niwekee Mama."

Kompyuta ikatoa mkwaruzo mtupu. Bogumił akajaribu tena, na tena. Nikaona masikio yake yanakuwa mekundu, nikajua.

"Bogu, acha utani wako," Halszka akasema.

"Yamo yote, Halszka. Hakuna hata baiti iliyopungua."

"Basi mfungulie!" nikamwambia.

"Siwezi. Jedwali lake nimelifuta."

Nilitamani kumzaba kibao, na nilitamani kumkumbatia. Halszka akasema kwa upole ulioniumiza zaidi ya kelele:

"Haya. Lakini wewe ulikaa naye siku zote nne. Niambie tu, alinisamehe?"

Bogumił aliitazama ile sahani tupu.

"Sikusikiliza," akasema. "Nilikuwa naangalia kipimo cha sauti kisipande mno. Nilijua nitasikiliza baadaye."

Halszka akaenda kuchukua koti lake, na hakuna kati yetu aliyethubutu kumwambia abaki.