Chini ya Mto, Siku ya Kumwosha Shoga Yangu

Treni ya chini ya ardhi ilisimama ndani ya handaki, chini ya mto. Mwanzo sikujali, kwani siku zile ilikuwa kawaida yake: mbele yetu walikuwa wakiunga kituo kipya kwenye njia iliyokwisha kuanza kazi. Lakini feni zikanyamaza, taa nyingine zikazimika, na kipaza sauti kikatoa maneno marefu ya Kichina. Mzee aliyekaa pembeni yangu akanieleza kwa mikono kuwa mafundi wako relini, tusubiri.

Nisubiri nini? Ng'ambo ya pili, msikitini, shoga yangu alikuwa amelazwa akingoja kuoshwa. Tulitoka Unguja pamoja, tukapanga chumba kimoja Guangzhou, tukazunguka maduka ya mtaa wa Yide Lu pamoja kununua vyombo vya biashara. Homa ilipomlaza hospitali alinishika mkono. "Nikifa huku, nikoshe wewe. Usiniwachie watu nisiowajua." Nikamwambia aache uchuro. Alikufa alfajiri, na maziko yakapangwa baada ya sala ya adhuhuri.

Nilikuwa nimevuka mto kurudi chumbani kwetu kuchukua udi na marashi. Wakati wa kurudi msikitini teksi zilikuwepo, nikajifanya mjanja: darajani kuna foleni, treni haina foleni. Haya, ujanja huo.

Joto likapanda. Nilipiga mlango kofi, watu wakanitazama. Mto mzima uko juu ya kichwa changu, na jua sijui limefika wapi. Nilikichukia kituo kile ambacho hata sijakiona. Watu watakuja kushuka pale kwa raha zao, na mimi nimefungiwa humu navunja wasia wa maiti. Nikasoma kila dua niliyoijua, kisha nikatukana, kisha nikaomba msamaha, nikaanza upya.

Treni ilipoondoka, sikuamini. Nilikimbia mpaka msikitini na viatu mkononi.

Wanawake wa Kichina wa pale msikitini walikuwa wamemaliza. Adhuhuri ilikaribia, wasingeweza kungoja. Nikasimama mlangoni na chupa yangu ya marashi, nikaona nimemsaliti. Mmoja wao, mtu mzima, akanivuta ndani na kunionyesha kitana kilichovunjika meno. Nywele zake zilikuwa zimewashinda kuchana. Walizikosha vizuri, wakaniachia mimi kuzisuka.

Nikainama. Nikamsuka mikia mitatu, kama anavyosukwa mwanamke maiti, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane hakulalamika kwamba namvuta.