Rubani Aliyerudi Kwenye Pangaboi

Wiki iliyopita nilikuwa uwanja wa ndege wa Tabora nikisubiri safari ya Dar es Salaam. Rubani wetu, mama wa makamo, alisimama mlangoni na kikombe cha chai. Mfanyabiashara mmoja wa Nzega akamsogelea.

"Kapteni, samahani. Kila nikisafiri nakukuta kwenye hizi ndege ndogo za pangaboi. Wenzako wako Uarabuni wanarusha madege ya ghorofa. Wewe vipi?"

"Nilikwenda," alijibu kwa upole. "Nikakaa miaka miwili, nikarudi."

"Ukarudi? Kwa nini?"

Kabla hajajibu, aliingia bibi mmoja wa Sikonge, ameshikwa mkono na binti yake. Rubani akaweka kikombe chini, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo bibi. Jicho linaendeleaje?"

Bibi aliduwaa. Akaziba jicho moja kwa kiganja, akamkazia lile lililopasuliwa mwezi uliopita.

"Marahaba. Kumbe ndiye wewe! Safari ile nilikujua kwa sauti tu. Mbona una mvi, mwanangu?"

Tukacheka wote, rubani kuliko sisi. Bibi alikuwa anakwenda kupasuliwa jicho la pili. Kwenye ngazi za ndege aling'ang'ania mkono wa rubani.

"Na kurudi utanileta wewe?"

"Mimi mwenyewe, bibi."

Bwana wa Nzega akasogea pembeni, akampisha bibi apande kwanza. Sisi nasi tuna mambo: anayeondoka tunampongeza, anayebaki tunamuuliza ana tatizo gani.