Trekta ya Jumapili

Nilipokuwa mtoto upande wa Lurambi, miaka ile miwa ilipokuwa inajengea watu nyumba, hakuna aliyejua mtikisiko kuliko mimi. Trekta za miwa zikipita kwetu, vikombe kabatini vilicheza kama ngoma ya isukuti, nami kwa mlio tu ningekuambia trela ni moja au mbili, na kama dereva amekunywa chai.

Kukhu, mamake baba, hakuupenda ujuzi huo. Alisema chini ya ardhi amelala mzee, na siku akigeuza ubavu tutadhani ni trekta. Akigeuka, kila mtu atoke akae kwenye udongo mtupu, mzee ajue watu wake wako wapi asije akawalalia. Baba alicheka. Alikuwa amemaliza nyumba ya matofali, ya kwanza kijijini, na hakuona mzee wa kuitikisa.

Jumapili moja wageni walitoka Khwisero kumposa dada yangu Nafula. Ingokho, kuku wa wageni, ilikuwa mezani, nzima, inang'aa mafuta, nami niliitazama kuliko wao walivyomtazama Nafula. Vikombe vikaanza kucheza.

"Kaeni tu, wageni," baba akasema. "Ni trekta."

Nikatega sikio. Hakukuwa na injini. Kukhu alikuwa ameshasimama.

"Trekta ya Jumapili inatokanga wapi? Nje, wote. Na wewe mwenye nyumba, beba kiburi chako utoke nacho."

Nani angebishana na nyanyake bibi harusi? Walitoka na suti zao wakakaa udongoni. Mimi nilitoka wa mwisho, sahani ya kuku kichwani. Ndipo ardhi ikatikisika mara ya pili, kwa nguvu, hata ng'ombe wakapiga magoti kama wako kanisani, na matofali ya juu ya ukuta yakaporomoka ndani, juu ya meza.

Babake bwana harusi akauliza kama kuku amepona.

Tulimla palepale, tukicheka na vumbi kinywani, na posa ikakubaliwa kabla mifupa haijaisha. Firigisi, ambayo kwetu ni ya mwanamume, baba aliichukua mwenyewe akampelekea Kukhu. Nyumba aliijenga upya, safari hii na mkanda wa zege juu ya kuta.

Wenye elimu wanasema redioni kwamba ardhi yetu, kwa kukaa karibu na Bonde la Ufa, imetikisika tangu zamani na itatikisika tena. Kukhu alisema hivyohivyo bila redio. Wanangu nimewafundisha yote mawili, na njia ya kutokea nje.

Siku hizi trekta ni chache. Vikombe vikicheza sina wa kumsingizia; natoka upesi, nikakae udongoni, mzee anione. Sahani ikiwa karibu, natoka nayo.