Nilipanga safari ya treni kutoka fainali ya raga mpaka Songea, halafu mjomba akapewa maikrofoni

Wakuu, heshima kwenu mliopo ofisini mnajifanya mna kazi nyingi, na ninyi wanafunzi wenzangu mnaosoma hapa simu ikiwa chini ya shuka.

Hii sikusimuliwa. Nilikuwepo na ndiye niliyeumia. Asiyeamini aje Mfaranyaki hapa Songea nimpeleke kwa mjomba mwenyewe, ila ajue akishakaa pale kwa mjomba hatoki leo. Mtaelewa huko mbele.

Tuanze na mazingira. Mimi niko Form Three, na mambo haya yalitokea likizo.

Songea hatuna treni. Ukiitaka unapanda basi, unapita Njombe na baridi lake, unashuka Makambako, ndipo unaiona reli. Mtoto wa Songea treni anaichora akiwa darasa la pili, anakuja kuiona ana ndevu.

Kaka yetu mkubwa, Fidelis, yuko Dar na anacheza raga. Mpira ule wa umbo la yai, watu wanaukumbatia halafu wanaangukiana. Nyumbani hakuna aliyekuwa anauelewa. Mama alipotumiwa picha ya kwanza, Fidelis ana sikio limevimba kama andazi, aliuliza kesi iko kituo gani.

Sasa timu yake ikaingia fainali. Akatuma nauli, akasema wadogo zangu waje wanione hata mara moja.

Na kulikuwa na jambo la pili, ambalo ndilo uzito wa uzi huu. Mdogo wetu Agnela, miaka tisa, alikuwa anapokea Komunyo ya Kwanza. Gauni jeupe na viatu vyeupe alinunua Fidelis huko Dar, na hakutaka kuvituma kwenye basi kama gunia la mahindi. Akasema mtoto aje ajaribu mwenyewe.

Fainali ilikuwa Ijumaa asubuhi, siku ya sikukuu. Komunyo Jumapili. Katikati kuna Jumamosi saa kumi na moja jioni, watoto wote kanisani kwa kitubio. Katekista wetu alishatangaza kwamba asiyeonekana kwenye kitubio atangoja mwakani. Na yule mzee akisema mwakani, ni mwakani. Hata ulie damu.

Mama alikubali tu kwa sababu ya treni. Agnela akipanda basi anatapika tangu stendi, tena wengine bado wanapanga mizigo. Kwa treni angalau kile kipande kirefu angekipita salama.

Ila mama aliniita pembeni. "Mtoto wangu asipofika kitubio na gauni lake, wewe usirudi hapa. Baki hukohuko ucheze huo mpira."

Msafara ulikuwa hivi: mimi, Agnela, mdogo wetu wa mwisho Osi mwenye miaka sita, na mtu mzima wa kutusimamia, Mjomba Kanisius, fundi cherehani pale Majengo.

Wakuu, mjomba nampenda. Lakini ana kasoro moja kubwa. Hajui kuondoka mahali.

Kwake kuaga ni ibada. Anamuaga mwenye nyumba, mke wa mwenye nyumba, jirani aliyepita, na mbwa kama yupo. Akienda msibani Peramiho Jumamosi, kuaga anaanza Jumatatu. Anasema mtu anayeondoka bila kuaga hana tofauti na mwizi, tofauti yao ni mwizi ana mbio.

Kwa hiyo nikaamua safari ya kurudi niisimamie mimi. Nikachukua kaunta buku, kalamu nyekundu, nikaandika ratiba.

Kipyenga cha kwanza saa nne asubuhi. Raga ni dakika themanini, weka mapumziko na watu kuvunjika vunjika, saa sita kasoro dakika kumi imeisha. Dakika kumi za kumpongeza Fidelis au kumpa pole. Dakika tano za choo, Osi peke yake kumi. Halafu bajaji. Saa nane tuko stesheni tumetulia, treni yenyewe saa tisa na nusu. Na hiyo treni haiondoki kila siku, ukiikosa unaanza kuishi Dar.

Chini nikaweka sheria nimepiga mistari miwili: ratiba ikishaanza, mtoto haongei mpaka tukae kwenye treni. Ruhusa ni kwa anayetaka choo au anayetoka damu.

Nikawasomea. Wakaitikia. Nilijiona waziri wa uchukuzi.

Ijumaa ikafika. Uwanja umejaa, jua kali, sisi tumekaa karibu kabisa na mstari. Mjomba amevaa koti. Kwa nusu saa nzima alikuwa anatafuta kipa. Nilimweleza mara tatu kwamba raga haina kipa, akasema ndiyo maana wanafungana ovyo.

Wapinzani walitoka upande wa Mbeya. Walikuwa na jamaa mmoja mnene wa mbele, shingo hana, ukimwona unakumbuka mbolea inavyoshushwa Namtumbo msimu wa tumbaku. Mimi mdomo wangu mnaujua. Nikaanza kumpigia kelele, "Gunia la mbolea, rudi ghalani!" Watoto wakadaka, wakageuza wimbo. Yule bwana akatuangalia mara moja tu, akaendelea kusukuma watu.

Timu ya Fidelis ikashinda kwa pointi mbili. Kipyenga cha mwisho saa sita kasoro nane. Yaani nimeikosea ratiba kwa dakika mbili tu! Nikasimama, nikawaambia watoto sheria imeanza, safari.

Ndipo nikaona meza zinapangwa.

Fidelis akaja ana matope mpaka kwenye nyusi. Akatueleza kwamba raga haiishi kipyenga kikilia. Kuna kipindi cha tatu. Mwenyeji anamlisha mgeni, mnakaa mmechanganyika, aliyekuvunja pua anakupakulia nyama, manahodha wanasema maneno mawili, ndipo mnaagana. Kuondoka kabla ni dharau kubwa.

Nikamwambia kaka, kwenye ratiba hakuna kipindi cha tatu. Akacheka, akasema kaeni mle, muda upo.

Sasa mtu aliyegongwa kichwa dakika themanini, mimi nimwachie mambo ya muda?

Dakika tano baadaye kila mtu kapotea. Osi kapanda mabegani kwa Gunia mwenyewe, anatembezwa uwanja mzima kama askofu. Agnela kawafungulia dada fulani mfuko wa gauni, wanashangilia lesi, halafu kauweka chini ya meza. Na mjomba, kwa sababu ni mzazi wa mchezaji, kapelekwa meza kuu.

Chakula hakijaletwa. Kwanza hotuba.

Saa saba kamili wakamwuliza mjomba kama ana neno la kuwasalimia vijana. Wakuu, hilo swali huwa haliulizwi kwa Mjomba Kanisius. Kwetu hata mtoto mchanga analijua hilo.

Akafunga kifungo cha koti. Akashika maikrofoni kama kakabidhiwa kombe. Akaanza na salamu za mama, za majirani, za mafundi wote wa Majengo, akaingia safari yetu kuanzia mlango wa nyumbani. Saa saba na robo yuko bado Njombe, anaeleza baridi. Na hadhira inacheka, inampigia makofi, inamchochea!

Nikaenda mbele, nikamnong'oneza, mjomba, treni. Akanijibu kwenye maikrofoni, uwanja mzima ukisikia.

"Mpwa wangu, hapa treni haikualikwa. Nimealikwa mimi."

Makofi. Yule Gunia alipiga meza mpaka sahani zikaruka.

Hapo damu ikanichemka. Nilimwona kichwani katekista na daftari lake la majina. Nikamwona Agnela amekaa benchi la nyuma na nguo za nyumbani, wenzake wako mbele kwenye mstari mweupe. Nikaona na begi langu limewekwa nje ya mlango na mama.

Nikazunguka nyuma ya spika. Nikachomoa waya.

Spika ikafa. Na hapa ndipo mnatambua mtu wa Songea. Watu wa Dar wakaanza kuulizana kuna nini, mjomba hakushangaa hata kidogo. Kwake umeme umekatika, ni jambo la kawaida. Akaweka maikrofoni mezani, akakaa, akasubiri urudi.

Sikumpa nafasi. Nikamshika mkono, nikamwambia bajaji inaondoka, nikamshusha Osi kutoka mabegani, nikamvuta Agnela. Pilau ndiyo inaingia. Sahani zinapita pembeni yetu zikinukia, Osi machozi yanamtoka, anafungua mdomo aseme kitu. Nikamwonyesha kidole. Sheria.

Akafunga mdomo.

Saa nane kasoro dakika kumi tuko stesheni. Dakika kumi mbele ya ratiba! Nikafungua kaunta buku nikaweka vema kubwa nyekundu.

Tukakaa. Njaa. Mjomba ameninunia, kanipa kisogo. 

Baadaye nikaona Agnela analia bila sauti. Nikamwuliza unataka choo? Akatikisa kichwa. Unatoka damu? Akatikisa kichwa. Nikamwambia basi sema tu, nimekuruhusu.

"Gauni," akasema. "Liko chini ya meza."

Wakuu, nilifungua kila begi tulilokuwa nalo.

Nikampigia Fidelis, simu inaita mpaka inakata. Nikapiga tena na tena. Saa nane na nusu. Nikirudi uwanjani na foleni ile, treni imeondoka. Tukiondoka, Agnela anafika kitubio, anaungama vizuri kabisa, Jumapili hana cha kuvaa. Na mtoto mwenyewe hakunilaumu hata kidogo, ndilo lililoniumiza. Alikaa tu anakunja na kukunjua leso.

Mjomba akageuka. Nikajua leo nakula fimbo hadharani. Lakini alisema kwa upole kabisa.

"Ungeniacha nimalize, ningeaga. Mtu anayeaga huangalia alipokuwa amekaa."

Nikalifunga kaunta buku, nikalitia kwapani. 

Tukapanda. Nilikata shauri bora mtoto afike, gauni tutaazima hata kwa majirani. Agnela akakaa dirishani. Hata treni yenyewe, aliyoiota miaka yote, hakuiangalia.

Saa tisa na robo nikasikia nyimbo. Makelele, vishindo, behewa linayumba na wala halijaondoka. Nikachungulia.

Timu nzima ya wapinzani inapanda.

Wa mwisho akainama kupita mlangoni, akaingia kiubavu. Gunia. Mkono mmoja hotipoti kubwa ya pilau, mkono mwingine sahani, na shingoni, pale ambapo shingo ingekuwepo, kaning'iniza mfuko wa gauni. Akaenda moja kwa moja kwa Agnela, akamwekea mapajani, akamwambia viatu vimo humohumo, ahesabu viwili.

Agnela akaukumbatia ule mfuko kama wachezaji wanavyokumbatia mpira.

Halafu Gunia akanigeukia mimi. "Wewe ndiye uliyekuwa unaniimbia mambo ya mbolea?"

Nikasema hapana mkuu, umenifananisha.

"Ndiye huyu," akasema Osi.

Kumbe ile hafla yote ilipangwa kufuata treni yao, ndiyo hii yetu. Hotuba zingekatwa saa nane kasoro robo, wote wangekula, wote wangekuja stesheni kwa basi lao, na nafasi zetu nne Fidelis alishatuombea. Muda ulikuwepo kweli.

Na Osi alikuwa anajua. Gunia alimwambia akiwa mabegani. Nikamshika shati, nikamwuliza kwa nini hukusema?

Akaniangalia kama vile mimi ndiye mjinga.

"Sikuwa natoka damu."

Treni ikaanza kutembea. Hotipoti ikafunguliwa. Mjomba akala vijiko vitatu, akafuta mdomo, akafunga kifungo cha koti, akasimama katikati ya behewa ameshika kiti.

"Kama nilivyokuwa nasema kabla umeme haujakatika, tulipofika Njombe..."

Behewa halina waya wa kuchomoa, wakuu. Nilitafuta.

Asubuhi tunakaribia Makambako, mjomba akaanza kuaga. Mchezaji mmoja mmoja, jina kwa jina, na ukoo. Nikasema humuhumu ndimo tutapitilizwa. Alipomaliza akainama, akachungulia chini ya viti vyote tulivyokalia. Akatoa kiatu kimoja cha Osi. Akatoa na kaunta buku langu, lenye ratiba na ile vema nyekundu, akanikabidhi.

Kwenye basi Agnela alitapika kama kawaida, ila mfuko wa gauni aliushikisha mjomba mbali. Saa kumi na nusu jioni tuko Songea. Kitubio akawahi. Jumapili alipendeza mpaka katekista akatabasamu, kitu ambacho parokia nzima bado inakijadili.

Nilichojifunza: ukisafiri na watoto, usiwape sheria inayowanyamazisha, wao ndio wanajua kila kitu. Na ukipanga muda wa kufika, panga na wa kuaga. Humo ndimo watu huokota vitu vyao.

Mjomba mpaka leo anajua umeme ulikatika. Anawasimulia wateja wake kwamba hata Dar unakatika. Hayumo humu jukwaani, kwa hiyo tafadhali yeyote anayeshona pale Majengo asinichome.

Wenye wajomba wa aina hii, njooni tupeane mbinu. Na anayejua kuchomoa spika ya mtu mzima kuna uzito gani kwenye kuungama aniambie mapema, maana Jumamosi hii mama amesema kwenye foleni ya kitubio nasimama mimi.