Glavu na Mkono wa Ndani

Mtu akiingia kwenye karakana yangu pale Mbugani amevaa glavu, namfukuza. Juzi alikuja mwalimu mstaafu, mtu wa heshima zake, kuchagua mbao za mlango. Kavaa glavu nyeusi za kuendeshea pikipiki. Nilimfokea mpaka waliokuwa wakinyolewa kwa kinyozi jirani wakatoka nje na mashuka shingoni. Baadaye nilimwomba radhi, akanisamehe, lakini mlango alikwenda kutengenezewa kwingine. Watu wananiita mkorofi, na kweli ni mkorofi, ila kwa hili nina sababu.

Mke wangu ni mfinyanzi. Kwao ni ufukweni, upande wa Matema, ambako mtoto wa kike anashika udongo kabla ya kushika kalamu. Nilipokwenda kuposa, mama yake hakuuliza habari za shamba la mpunga wala kanisa ninalosali. Aliuliza kazi yangu. Nikasema mimi ni seremala, nina mashine. Akaushika mkono wangu, akaugeuza, akapitisha kidole gumba kwenye sugu za kiganja.

"Mashine yako ni yako," akasema. "Mikono ya huyu usiiingize humo."

Nikaitikia, "Ndiyo, mama." Nilidhani ni yale maneno ya wakwe ya kumtia adabu kijana.

Hata hivyo ahadi niliishika miaka mingi. Mimi nilikuwa mbele ya nyumba na vumbi langu, yeye nyuma na udongo ambao ndugu zake walimletea. Alifinyanga vyungu, mitungi na vyetezo, na kila akimaliza kimoja alikuwa akiniita nikitazame. Nilikuwa natazama chungu. Sikuwahi kukaa nikamtazama yeye akifinyanga, nikaona mkono upi unafanya nini. Nalisema hili mapema kwa sababu ndiko kosa lilikoanzia.

Sasa, ulikuwa msimu wa kakao, na wakulima wa Ikolo walikuwa wameniagiza masanduku ya kuvundikia mbegu. Mbao za masanduku yale ni ndefu. Kuzipasua kwenye msumeno wa meza lazima muwe wawili, mmoja anasukuma, mwingine anapokea upande wa pili. Fundi mwenzangu alikuwa amefiwa na baba mdogo huko Busale, na msiba wa kwetu si wa kuzika jioni ukarudi kazini kesho yake. Kakao haisubiri. Nikamwita mke wangu.

"Na mama je?" akauliza, anacheka.

"Mama yuko Matema," nikamjibu.

Siku ya kwanza alipokea mikono mitupu. Mbao zilikuwa za mlingoti, yaani mkaratusi, mbaya kwa vibanzi, na kibanzi kimoja kikamwingia kwenye ncha ya kidole. Jioni akajaribu kufinyanga, akaacha. Akasema kidole kikiwa na jeraha, udongo unamdanganya, hajui ukuta wa chungu umekuwa mnene au mwembamba. Moyo uliniuma. Nikakumbuka ile "ndiyo, mama" yangu.

Asubuhi nikaenda duka la vifaa vya ujenzi, kwa mzee mmoja Mwislamu ambaye babu zake walitoka Pwani, mtu makini sana. Nikamwomba glavu. Akauliza, "Za kazi gani, fundi?" Nikasema za kubebea mbao. Sikutaja msumeno. Akanipa za kitambaa cha kufumwa, kiganjani zimepakwa mpira. "Hizi ngumu," akasema, "hata kisu kitapata tabu." Nimesikia watu wanamlaumu yule mzee. Wamwache. Alijibu kile nilichomuuliza.

Tena mimi ndiye niliyepaswa kujua. Fundi aliyenifundisha kazi alinizaba kofi siku nilipokuja na shati la mikono mirefu. Hakunieleza sababu, nami sikuuliza, nikalikunja shati basi. Nikakaa na somo la shati maisha yangu yote, bila kufikiri kwamba kinachokamatwa na meno ya msumeno si shati, ni uzi. Kadiri uzi ulivyo mgumu kukatika ndivyo unavyokuvuta.

Mke wangu alizivaa, akanyanyua mikono juu kama daktari wa upasuaji, akanishukuru kwa Kinyakyusa ili kunitania, maana kwao wanasema Kikisi. "Ndaga fijo," akasema. Tukacheka wote wawili. Nikampa na maelekezo, mimi bingwa. Nikamwambia vipande vinavyobaki mezani avivute kwa mkono wa kushoto, wa kulia auhifadhi kwa ajili ya vyungu vyake. Akanitazama kidogo, kama mtu anayetaka kusema jambo, halafu akaitikia tu. Mpaka leo najiuliza kwa nini hakusema. Nadhani aliona nimejitahidi.

Lilikuwepo bati la kufunika msumeno. Nilikuwa nimelifungua zamani kwa sababu lilikuwa linanichelewesha. Kijiti cha kusukumia vipande vidogo kilikuwepo pia, kimeegeshwa ukutani, ninakitumia nikikumbuka.

Ikafika saa sita. Joto la Kyela la saa sita wenyeji wanalijua. Akasema, "Baba, hizi zinanichoma, ngoja nizivue." Nami nikamkatalia. Nilimkatalia kwa ukali, kwa sauti ile ile niliyomfokea nayo yule mwalimu. Nikamwambia, "Usizivue, nimezinunua zikae mikononi, si mfukoni." Hakuzivua.

Ubao uliofuata ulipomaliza kupasuka, kipande chembamba kikabaki kinacheza kando ya msumeno. Akanyoosha mkono wa kushoto kukitoa. Ncha ya glavu ikagusa jino. Kugusa tu. Mkono mtupu ungechanika ngozi, akaurudisha, tukatafuta kitambaa, nikatukanwa, yakaisha. Lakini kile kitambaa hakikukatika. Kilishikwa, na mkono ukavutwa kwenye meno, mbele ya macho yangu, upesi kiasi kwamba nilikuwa bado nimeutazama ubao. Hakupiga kelele. Alisema "jamani," taratibu, kama mtu aliyemwaga uji.

Nilizima mashine. Yaliyokuwa mezani sitayaeleza. Nilifunga mkono wake kwa shati langu, na kijana wa bodaboda akatubeba wote wawili hadi hospitali, mimi nyuma nimemkumbatia, damu inalowanisha mpaka suruali yangu. Njia nzima nilikuwa namwambia pole, pole, na yeye ananiambia nimshike vizuri asianguke.

Daktari alikuwa binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu. Alipotoka akaniambia vidole viwili vimekwenda, cha shahada na cha kati, na cha pete hakitakunjika tena. Akauliza alikuwa amevaa nini mkononi. Nikamwambia glavu. Akaandika. Halafu akasema, "Kwenye msumeno unaozunguka hatuvai glavu, baba. Ni afadhali mkono mtupu." Nilikasirika, si kwake. Nilikaa kwenye benchi la nje nikalia, watu wanapita, sikujali.

Wakaja watu wa kutoa pole, majirani, wa kanisani, hata yule mzee wa duka na mkewe. Wote wakasema maneno yale yale. Ashukuru Mungu ni wa kushoto. Bado atakula, bado atashika jembe, bado atasalimiana na watu. Nami nilikuwa naitikia, kweli, kweli, na moyoni nilikuwa najisifu kidogo kwamba ni mimi niliyemwambia atumie wa kushoto. Mke wangu alikuwa anatazama dari.

Mama mkwe alifika siku ya nne. Nilijiandaa kutukanwa. Nilitaka kutukanwa, afadhali ningepumua. Hakunitazama kabisa. Akakaa kitandani, akaushika ule mkono uliofungwa bandeji, akauweka mapajani.

"Mkono wa ndani," akasema.

Nikauliza maana yake. Ndipo akanigeukia na kunieleza, bila hasira, kama anamfundisha mtoto. Wa kulia unakwangua kwa nje, kazi ambayo hata mwanagenzi anaweza. Wa kushoto ndio unaoingia ndani ya chungu, mahali ambapo jicho halifiki, na ncha za vidole ndizo zinazojua ukuta umefika wapi. Akaniuliza, "Umeishi naye miaka yote hiyo, hukuona?"

Nilitoka nje.

Bati la msumeno nimelirudisha. Kijiti nimekifunga kamba kwenye mashine. Glavu ya kulia, iliyobaki nzima, nimeipigilia msumari mlangoni, na anayeuliza namwambia. Haya yote ni mazuri na yamechelewa.

Mwezi uliopita alikaa tena nyuma ya nyumba na udongo. Nilikwenda nikakaa karibu, safari hii nikimtazama. Alijenga kitako, akapandisha ukuta, na ulipofika usawa wa kiwiko mkono wa kushoto ukakwama. Akajaribu kwa kiganja. Akajaribu kwa kidole kidogo. Kisha akaniambia, "Leta mkono wako. Uingize. Mimi nakwangua huku nje, wewe niambie ukuta ukianza kuwa mwembamba."

Niliingiza. Udongo ulikuwa baridi. Alianza kukwangua kwa kipande cha kibuyu, polepole, anazunguka.

"Unasikia?"

"Bado."

Akakwangua tena. "Hapo je?"

Nilisukuma vidole vyangu kwenye ukuta ule, nikafumba macho. Sugu za miaka yote ya mbao zilikuwa katikati yangu na udongo. Nilitaka kumdanganya, nikashindwa.

"Sisikii kitu," nikasema.

Kibuyu kikatokeza upande wangu, kikanigusa kidole. Akatazama lile tundu, akaniambia nitoe mkono, akakikunja chungu kikawa donge.