Jimbo Ambalo Halikupiga Kura

Mwaka ule nilikuwa naandika tasnifu kuhusu uchaguzi wa kwanza wa rais wa Marekani, na sura ya jimbo la New York ilininyima raha. Wakati huo wabunge wa jimbo ndio waliopaswa kuteua wajumbe wa kumpigia rais kura. Bunge hilo lilikuwa na mabaraza mawili. Baraza kubwa lilitaka wote wapige kura pamoja, kwa kuwa lilikuwa na watu wengi. Baraza dogo lilitaka kila upande uwe na nguvu sawa. Wakabishana mpaka siku ikapita, na New York haikupiga kura hata moja. Profesa wangu kule chuoni Westville aliirudisha sura hiyo mara mbili. Alisema nimeeleza vizuri walivyogombana, lakini hajaona nani aliumia.

Nilirudi Albert Park, mtaa nilikopanga chumba, nikapanda ngazi hadi ghorofa ya tisa. Lifti ilikuwa imekufa, hiyo ni wiki ya tatu. Siku hizo sikuweza kutulia: nikikaa kuandika nainuka, nachemsha chai siinywi, naenda dirishani kutazama winchi za bandari, narudi. Wakati mwingine nilivuka korido kwa jirani yangu, mama wa Kikongo aliyesuka watu nywele chumbani kwake. Magoti yake yalikuwa yamevimba, na tangu lifti ife hakuwa ameshuka. Wateja nao walizichoka ngazi, wakapungua.

Jumatatu tukapata ujumbe: meneja wa jengo atakutana na wapangaji kuhusu lifti Alhamisi saa nne asubuhi, tutume wawakilishi wawili tu. Tukakusanyika chini. Wakongo, ambao ndio wengi, walitaka wote tuchague kwa kunyoosha mikono. Sisi Watanzania tulitaka kila upande utoe mtu wake. Mimi nilipewa kazi ya kuandika majina. Nilisimama na daftari, kisha nikawasimulia habari ya New York. Mzee mmoja wa kwetu alinisikiliza kwa adabu, akasema hayo ni ya Wamarekani. Jumanne tukabishana, Jumatano tukabishana. Na nakiri, nilipoulizwa niko upande gani, nilisimama na wenzangu.

Alhamisi saa nne hakuna aliyekwenda. Baada ya nusu saa nilishindwa kuvumilia, nikashuka mbio hadi ofisini. Meneja alikuwa bado yupo. Akaniuliza kwa upole nani amenituma. Nikamwambia nimejileta mwenyewe. Akafunga faili, akasema mafundi wataanza na jengo lake jingine, ambako watu walituma wawakilishi.

Nikapanda kumweleza jirani yangu. Hakuacha kusuka.

"Mungetuma hata ule mutu mie simupendi," alisema. "Mutu mubaya naye anaweza kusema lifti imekufa."

Nilimwomba radhi. Akasema tu nimshikie kichana.

Lifti ilikuja kutengenezwa, lakini yeye alikuwa amehamia kwa binti yake wiki mbili kabla. Wanaume wanne wa kanisani kwake walimteremsha kwenye kiti cha plastiki. Mimi nilitangulia na begi lake. Kila ghorofa walimtua wapumue, na kila mara aliwaomba msamaha kwa uzito wake, na wao wakamwambia si kitu, Mama, si kitu. Nilisimama ngazi chache chini yao, nikisubiri wamwinue tena.