Walivyonipekua Tumbo Shambani

Hasira hasara, wanasema. Basi hasara yangu nilishaipata, na hasira bado ninayo.

Mwaka mmoja kabla ya siku waliyonipekua, madaktari walikuwa wamenitoa utumbo mpana ulioharibika kwa vidonda. Wakaniwekea tundu tumboni, upande wa kulia, haja ikawa inatoka hapo bila hodi na kuingia kwenye mfuko wa mpira niliojifunga kwa mkanda. Nilipewa mifuko miwili. Mmoja nauvaa, wa pili naufua kwa sabuni ya mche na kuuanika chumbani, si uani, watu wasiuone. Makande, chakula nilichokipenda kuliko vyote, niliyaacha, maana punje ziliwahi kuziba lile tundu nikagaagaa sakafuni siku nzima. Haya aliyajua mume wangu tu. Tulikuwa tumetoka Kilole kuhamia kijiji kipya cha ujamaa upande wa Handeni, na majirani walinikuta hivyo hivyo, mwembamba na msiri.

Wakati wa mavuno mahindi ya shamba la kijiji yakawa yanapungua. Yaliibwa kweli. Baadhi ya kina mama walifunga mawili matatu tumboni, chini ya kanga, na mimi sikuwalaumu, kwani watoto wanakula. Mwenyekiti akaamuru kila mwanamke apekuliwe anapotoka shambani. Wanaume, waliobeba magunia mazima, wakapita wakipiga soga.

Zamu yangu ilipofika mfuko ulikuwa umejaa. Mpekuzi alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, kiongozi wa kina mama. Akauona uvimbe.

"Mama, toa hayo mahindi."

"Si mahindi, dada. Ni ugonjwa. Twende pembeni nikuonyeshe."

"Leo kila mtu mgonjwa!" mwenyekiti akadakia. Watu wakacheka.

Jirani akaubana kwa mikono miwili kama anayekamua nguo. Mkanda ukaachia. Vyote vikanishukia mapajani hadi kwenye nyayo, mbele ya kijiji kizima, na harufu ikawafikia hata waliokuwa mwisho wa mstari. Hapo hakucheka mtu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini nilipokuwa najisafisha nyumbani aibu iliisha, ikabaki hasira.

Jioni mwenyekiti alikuja kumwambia mume wangu, si mimi niliyekaa pale pale, kwamba kwa hali yangu nimesamehewa kazi za shamba. Kusamehewa! Kwani nani alikosa? Tena kijijini kwetu asiyefanya kazi ya pamoja hakuwa na neno mkutanoni. Nilikuwa nimefukuzwa kwa lugha tamu.

Asubuhi nikajifunga mfuko wa pili, nikakaza mkanda, nikachukua kikapu na kwenda kuvunja mahindi. Wenzangu wakasogea mbali nami, mstari wa kulia kwangu na wa kushoto ikabaki mitupu. Nikaivuna yote mitatu.

Adhuhuri jirani yangu akanifuata, macho chini.

"Pole, mama. Wallahi sikujua."

Akasimama akingoja nimjibu "nimeshapoa," kama ilivyo desturi, ili arudi kwake roho imetulia. Nilimtazama mpaka akainua uso.

"Ulijua," nikamwambia. "Nilikuambia."